Uaminifu, utiifu na usaliti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maneno haya matatu husikika bungeni, msikitini, kanisani, kwenye harusi, uwanjani na katika matangazo ya kazi, na kila mahali huwa na uzito wake. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kujua watu husema nini hasa wanapomwita mtu mwaminifu, na kwa nini sifa hiyo hiyo yaweza kumpandisha mmoja cheo na kumfukuzisha mwingine kazi.

Uaminifu maana yake nini hasa?

Neno hili ni la ukoo mmoja na amini, imani na amana, na kati ya hayo amana ndilo linalotufaa zaidi. Amana ni kitu ambacho mwenyewe amekiweka mikononi mwa mtu mwingine, akaondoka akiwa na matumaini kwamba atakaporudi atakikuta kama alivyokiacha. Kabla ya mabenki kuenea, msafiri wa pwani aliyepanda jahazi aliacha fedha, vito au hata watoto wake kwa mtu aliyejulikana mtaani kuwa hali cha mwenzake. Mtu huyo ndiye mwaminifu kwa maana ya msingi kabisa.

Ndiyo maana neno hili limebeba mambo mawili ambayo lugha nyingine huyatenganisha. La kwanza ni kutoiba na kutodanganya. Tangazo la kazi linaposema mwombaji “awe mwaminifu”, mwajiri hana haja ya kupendwa. Anataka fedha za mauzo zifike benki zikiwa kamili. La pili ni kutomwacha mtu, kikundi au nchi wakati wa shida, na hapo mwaminifu ni yule aliyebaki wengine walipotawanyika. Mzungumzaji wa Kiswahili hupita kutoka maana moja hadi nyingine bila kujishuku, na mara nyingi hakuna madhara. Madhara huja pale mtu anapodai maana ya pili ili kuifuta ya kwanza, yaani anapomtaka mwenzake asimwache, hata ikibidi adanganye kwa ajili yake.

Utiifu una tofauti gani na uaminifu?

Utiifu huhusu amri. Mtiifu ni anayefanya alichoagizwa, na ili awepo ni lazima awepo mwenye mamlaka ya kuagiza. Uaminifu hauhitaji amri. Unahitaji jambo ambalo mtu amekabidhiwa. Mlinzi anayesimama getini usiku kucha kwa sababu msimamizi atapita kukagua ni mtiifu, na akijua kwamba msimamizi hatapita lakini bado hasinzii, hapo tunaanza kuzungumzia uaminifu.

Kwa kawaida sifa hizi mbili hukaa pamoja, ila zaweza kuachana. Mhasibu aliyeagizwa na mkubwa wake kuidhinisha malipo ya mzigo ambao haujawahi kufika, akakataa, amekosa utiifu na amedumu katika uaminifu, kwa kuwa fedha zile hakukabidhiwa na mkubwa wake. Alikabidhiwa na kampuni au na walipa kodi. Waislamu wana kauli mashuhuri kwamba hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba, nayo huweka mpaka huo huo kwa njia fupi kuliko yangu.

Kwa nini barua rasmi humalizwa kwa “Wako mwaminifu” au “Wako mtiifu”?

Ni desturi ya kiofisi iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, wala haimfungi mwandishi kwa lolote. Wanafunzi wa Kenya kwa kawaida hufundishwa kuandika “Wako mwaminifu”, ilhali Tanzania “Wako mtiifu” imezoeleka zaidi, na kulikuwa na kipindi ambapo “Wako katika ujenzi wa taifa” ilipamba karibu kila barua ya ofisi ya umma. Mtu anaweza kuandika malalamiko makali ya kurasa tatu na bado akajiita mtiifu mwishoni, jambo ambalo hakuna anayelicheka kwa sababu hakuna anayelisoma.

Viongozi wanapoapishwa, huapa kuwa waaminifu kwa nani?

Swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inamtaka Rais mteule aape kiapo cha uaminifu mbele ya Jaji Mkuu kabla ya kushika madaraka, na inamtaka kila Mbunge aape kiapo kama hicho ndani ya Bunge kabla ya kushiriki katika shughuli zake, isipokuwa uchaguzi wa Spika, ambao anaweza kushiriki hata kabla ya kuapishwa. Uaminifu unaotajwa humo ni kwa Jamhuri na Katiba yake. Kenya nayo, kwa Katiba ya mwaka 2010, huwaapisha viongozi wake kuwa watiifu kwa Jamhuri na kuilinda Katiba hiyo.

Tazama sasa kinachosemwa dakika chache baada ya kiapo. Waziri aliyekwisha kuapa kwa Jamhuri husimama mbele ya vipaza sauti na kumshukuru aliyemteua, akaahidi kwamba “hatamwangusha”. Shukrani si kosa, na adabu yetu haimruhusu mtu kupewa kitu akanyamaza kimya. Lakini msikilizaji makini ataona kwamba katika muda wa saa moja uaminifu umehamishwa kutoka kwa nchi ukawekwa kwa mtu, na kwamba ahadi ya pili ndiyo itakayokumbukwa siku waziri huyo atakapotakiwa kuchagua.

Je, kumkosoa kiongozi au chama ni kukosa uaminifu?

Jibu la haki ni hapana, na ushahidi wake umo ndani ya vyama vyenyewe. Miongoni mwa ahadi za mwanachama zilizotungwa na TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru wa Tanganyika, kisha CCM, chama tawala cha Tanzania, ikazirithi ilipozaliwa tarehe 5 Februari 1977, imo isemayo “Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko”, na inayofuata inamtaka mtu awe mwanachama mwaminifu wa chama na raia mwema wa Tanzania na Afrika. Walioziandika waliziweka jirani, kweli ikitangulia, na kwa maoni yangu mpangilio huo ni tafsiri tosha ya neno uaminifu. Mwanachama asiyesema kweli hawezi kuifikia ahadi inayofuata, na mwenye kusema kweli hadharani kwa nia ya kubomoa amekatazwa na lile neno fitina. Ugumu ni kwamba mwenye cheo ndiye huamua, mara nyingi, kipi ni kweli na kipi ni fitina.

Kenya inatoa mfano ulio wazi zaidi. Mwezi wa Septemba 1984, Rais Daniel arap Moi aliporejea kutoka Addis Ababa, aliwataka mawaziri, mawaziri wadogo na watu wengine wote waimbe wimbo wake kama kasuku. Alitoa na hoja: yeye mwenyewe, wakati wa Mzee Jomo Kenyatta, aliimba wimbo wa Kenyatta tu hadi watu wakasema hana la kwake. Ilikuwa hoja ya mtu aliyeona ukimya wake wa miaka mingi kama malipo ya awali, na sasa anadai alipwe. Falsafa ya Nyayo, ambayo mwanzoni ilimaanisha kufuata nyayo za Kenyatta, ikawa kipimo cha nani anafuata na nani hafuati nyuma ya Moi. Kwa kuwa KANU ilikuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria tangu mwaka 1982, aliyefukuzwa chamani kwa tuhuma ya kupinga Nyayo alikuwa amefungiwa mlango wa siasa yote.

Kuna jambo la kuzingatia katika mfano wa kasuku. Moi alichagua kiumbe kinachorudia maneno bila kuyaelewa, na hakuna aliyedhani amekosea katika kuchagua. Alichokuwa akikiomba kilikuwa utiifu mtupu, ila uliitwa uaminifu, na vyombo vya habari vya wakati ule vikauita hivyo pia.

Chawa, mpambe na kibaraka: je, hawa ni waaminifu?

Kiswahili hakijakosa majina ya watu wa aina hii, dalili kwamba jamii imewaona siku nyingi. Mpambe ni wa kumzunguka mkubwa na kumsifia. Kibaraka anatumiwa na mwingine, aghalabu mgeni au adui, dhidi ya watu wake mwenyewe. Chawa ni neno la mitaani la miaka ya karibuni nchini Tanzania, na maana yake iko wazi kwa yeyote aliyewahi kumwona mdudu huyo: anaishi kwa damu ya anayemng’ang’ania. La ajabu ni kwamba baadhi ya watu wamelikumbatia na kujitangaza kuwa chawa wa fulani, kwa fahari kabisa.

Kipimo chepesi ni kuangalia siku ya anguko. Methali ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki ilitungwa kwa ajili ya siku hiyo. Chawa huhama mwili ukipoa.

Usaliti na uhaini ni kitu kimoja?

Si kimoja. Uhaini ni kosa la jinai lenye maelezo yake katika sheria, kama vile kupanga kuipindua serikali, na adhabu yake nchini Tanzania yaweza kuwa kifo. Usaliti ni tuhuma ya kimaadili ambayo mtu yeyote anaweza kumtupia mwingine: mume, mshirika wa biashara, mchezaji aliyesajiliwa na timu pinzani. Hakuna mahakama ya usaliti, na labda ndiyo sababu watu huutaja kwa wepesi.

Maisha ya Bibi Titi Mohamed yanaonyesha jinsi sifa hizi zinavyoweza kumzunguka mtu mmoja. Katika miaka ya 1950 alikuwa mhamasishaji mkuu wa wanawake katika TANU, na pengine hakuna mtu, ukimwondoa Julius Nyerere, aliyejulikana zaidi katika mikutano ya kudai uhuru wa Tanganyika. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililowakataza viongozi kupangisha nyumba, alitofautiana na uongozi na kuachia nafasi yake. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka uliofuata akaachiwa huru kwa msamaha wa Rais. Leo moja ya barabara kubwa za katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na madereva wanaokwama humo kwenye foleni huenda hawafikirii kamwe kwamba wanalitaja jina la mtu aliyepata kuitwa haini na dola hiyo hiyo.

Kwa nini maandishi ya enzi ya ukoloni huwaita baadhi ya Waafrika “waaminifu”?

Kwa sababu aliyeandika ndiye aliyekuwa akihudumiwa. Wajerumani walijenga hadithi nzima kuhusu askari wa Kiafrika wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani, ambao walipigana na Waingereza Afrika Mashariki tangu mwaka 1914 hadi alipojisalimisha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. “Askari mwaminifu” alitumiwa Ujerumani baada ya vita kuthibitisha kwamba Waafrika waliwapenda watawala wao na kwamba makoloni yarudishwe. Hadithi hiyo iliwaacha nje askari wengi waliotoroka njiani, pamoja na wapagazi waliokamatwa kwa nguvu vijijini, wakafa kwa njaa, maradhi na uchovu wakibeba mizigo ya pande zote mbili. Waliobaki walikuwa na sababu zao: hadhi ya uaskari, matumaini ya mshahara uliokuwa haujalipwa, wake na watoto waliosafiri nao katika msafara, na hofu ya kurudi peke yao kupitia nchi ambayo wao wenyewe walikuwa wameipora. Kuziita sababu hizo mapenzi kwa Mjerumani ni kuwanyima akili.

Nchini Kenya neno hilo lilikuwa na matokeo makali zaidi. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waligawanywa katika makundi mawili: wa Mau Mau na waaminifu kwa serikali. Wa pili walijiunga na homgadi, yaani kikosi cha walinzi cha serikali ya kikoloni, wakapata silaha, na baadaye wengi wao wakanufaika katika ugawaji wa mashamba na vyeo. Pande zote mbili zilidai kiapo, na mtu wa kawaida aliyetaka tu kulima shamba lake alijikuta akiulizwa usiku na mchana yuko upande gani. Katika uchaguzi wa mwaka 1957, ambapo Waafrika walichagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, watu wa makabila hayo hawakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu. Uaminifu ukawa karatasi yenye muhuri. Baada ya uhuru karatasi hizo hazikuwa na mtu wa kuzionyesha, ila mashamba yalibaki mikononi mwa waliopewa, na mjadala wa nani alikuwa mwaminifu kwa nani haujaisha katika familia nyingi za Kenya ya kati.

Mfanyakazi anayefichua uovu wa ofisi yake ni msaliti?

Ofisi humwita hivyo, angalau siku za mwanzo. David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kupitia meza yake zilipita nyaraka za malipo makubwa kwa kampuni ya Goldenberg, iliyodai fidia ya serikali kwa kuuza nje dhahabu na almasi. Kenya haikuwa na almasi, na dhahabu yake ilikuwa chache mno kulingana na madai hayo. Munyakei alizikabidhi nakala kwa wabunge wa upinzani, na kashfa ikafumuka. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na ingawa kesi haikufika mbali, kazi hakurudishiwa. Aliondoka Nairobi, akaishi kwa tabu, na alipofariki mwaka 2006 alikuwa bado maskini, japokuwa mwaka 2004 alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya uadilifu.

Alikuwa ameapa kutunza siri za benki, hilo halina ubishi. Lakini siri ya benki hulindwa kwa ajili ya mwenye fedha, na mwenye fedha za Benki Kuu ni wananchi, waliokuwa wakiibiwa. Turudi kwenye amana: aliyeikabidhi ni nani? Ukishamjua huyo, tuhuma ya usaliti huanguka yenyewe. Mwaka 2015 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, kwa hiyo angalau kisheria mtu wa aina hii ana jina jingine. Mezani ofisini, wenzake watachukua muda kumzoea.

Mwanasiasa anayehama chama amekosa uaminifu?

Sheria humwadhibu kwa namna fulani: Tanzania na Kenya, mbunge akiacha chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake, kwa hoja kwamba wapiga kura walimchagua akiwa na bendera ile. Wanasiasa wamebuni lugha ya kulainisha jambo. Kati ya mwaka 2017 na 2020, wabunge na madiwani wengi wa upinzani nchini Tanzania walipohamia CCM, walisema wanakwenda “kuunga mkono juhudi” za Rais. Msemo huo umebaki, na sasa watu huutumia kwa mzaha hata mtu akibadili tu kijiwe cha kahawa.

Uaminifu katika ndoa una maana tofauti?

Hapa ndipo maana inapobanwa zaidi, kwa sababu “si mwaminifu” bila maelezo mengine huwa na tafsiri moja tu kuhusu wanandoa. Lugha ya kawaida imezunguka jambo hilo kwa mifano ya barabara: kuchepuka, mchepuko, na ule wito wa “baki njia kuu”, huku Wakenya wakisema mpango wa kando. Hasara ya kuubana uaminifu hivi ni kwamba mume anayeficha mshahara, au mke anayetoa siri za nyumba kwa mashoga zake, huonekana hajakosa kitu.

Na ushabiki wa mpira, je?

Huu ni uaminifu usio na amana wala amri, nao kwa ukaidi hushinda wote. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na Mtanzania aliyezaliwa katika nyumba ya upande mmoja akihamia wa pili atasamehewa dini kabla ya kusamehewa jezi. Hamsini kwa hamsini hawathaminiwi popote.

Kampuni zinapozungumzia uaminifu wa wateja, zina maana gani?

Zina maana ya mazoea yanayolipwa. Safaricom ilipoanzisha pointi za Bonga mwaka 2007, mteja alizawadiwa kwa kadiri ya matumizi yake, na hakuna aliyemtaka aipende kampuni. “Mteja wa kudumu” ni jina lililo wazi zaidi kwa mtu huyo. Muuza duka wa mtaani anayemkopesha sukari mteja hadi mwisho wa mwezi yuko karibu zaidi na amana kuliko kadi yoyote ya pointi.

Je, mtu anaweza kuwa mwaminifu kwa nchi mbili?

Swali hili huwagusa Waswahili wanaoishi Ulaya, Marekani na Uarabuni. Kiapo cha uraia wa Marekani humtaka mwapaji aukane utii wake wote kwa dola nyingine, na Mtanzania anayekila hupoteza uraia wa kuzaliwa, kwa kuwa sheria ya Tanzania kwa jumla haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba ya mwaka 2010. Tanzania, baada ya mjadala wa miaka mingi, imechagua njia ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya nchi hiyo, inayowapa baadhi ya haki bila kuwarudishia uraia.

Wanaopinga uraia pacha huuliza mtu huyo atapigania bendera gani vita vikizuka. Ni swali la utiifu, na kwa askari lina uzito wake. Wengi wa wanaoulizwa, hata hivyo, ni wauguzi, madereva na wafanyakazi wa maghala, ambao kila mwisho wa mwezi hutuma ada za shule, dawa za wazazi na saruji ya nyumba inayojengwa kidogo kidogo kijijini, kisha wanapofika uwanja wa ndege wa kwao hupanga foleni ya wageni wakiwa na fedha ya viza mkononi.